Mama Alipokwenda Kutafuta Sufu

Sufu iliyolowa hunuka kama kondoo aliyenyeshewa mvua. Harufu hiyo ikinipitia puani, popote nilipo, narudi Kinampanda, kwenye baraza la darasa la zamani la misheni, ambako kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana akina mama walikuja na mifuko yao ya kitambaa, wakatandika mikeka na kuanza kufuma. Upepo wa kwetu kule juu Iramba hauna adabu. Ukianza mwezi wa sita huvuma mchana kutwa, huingia kwenye mikono ya gauni, hupeperusha vumbi mpaka ndani ya bakuli la uji, na enzi zile za Waingereza ulikuwa ukiwaletea watoto wachanga kichomi. Ndiyo sababu chama cha kufuma kilianzishwa. Nesi wa Kizungu wa zahanati ya misheni aliwafundisha wanawake kufuma visweta, nao wakakubaliana kwamba kila mtoto atakayezaliwa pale, awe wa Mkristo au wa Mwislamu, atatoka zahanati akiwa amevaa. Sufu ilikuja kwa vifurushi kutoka kwao nesi. Vita vilipokwisha, nesi naye akaenda kwao mapumziko, akamwachia mama yangu uongozi wa chama, na Bi Salma akawa msaidizi wake.

Nilikuwa msichana wa darasa la tatu, na nilikuwa mwanachama kama wengine, maana Mama alisema mikono yangu isipopewa kazi itavunja kitu. Sindano zangu zilikuwa spoki mbili za baiskeli, zilizosuguliwa kwenye jiwe mpaka ncha zikawa laini. Wanawake wengi walifumia spoki. Sindano za dukani zilikuwa za Mama na Bi Salma tu, na wawili hao hawakufanana kwa lolote jingine. Bi Salma alikuwa mke wa fundi cherehani wa pale madukani, mwanamke mzito wa maneno, aliyefuma polepole na kwa kukaza, na akiona kazi ya mwenziwe imelegea aliifumua bila kuomba ruhusa. Mama, jina lake Yemima, alikuwa mrefu, mwembamba, na sikumbuki kumwona ameketi mpaka shughuli ikaisha. Alifuma huku anatembea, donge la uzi amelibana kwapani, akizunguka mikeka, akichungulia kazi ya huyu na yule, kisha akisimama ukingoni mwa baraza kutazama barabara. Bi Salma alikuwa akimwambia kwamba kiongozi anayezungukazunguka huwatia watu kizunguzungu. Mama alijibu kwamba mtoto mchanga hakagui vitanzi vya kisweta.

Barabara aliyokuwa akiitazama ndiyo aliyoondokea Baba. Alikwenda vitani pamoja na vijana wengine wa kwetu nikiwa bado nabebwa mgongoni. Wenziwe walikuwa wamekwisha kurudi, wengine na viatu, wengine na makovu, mmoja na gramafoni iliyokufa baada ya wiki. Yeye hakurudi, wala hakuna aliyekuja kutuambia amekufa. Kwa hiyo Mama hakuwa mjane na hakuwa na mume. Tuliishi na Bibi, mama yake Baba, ambaye jioni ikiingia aliniuliza kama kuna mtu anakuja njiani, na mimi nilitoka nje kuangalia hata pale nilipojua hakuna. Nyumba yetu yote ilikuwa hivyo, kama watu waliokwisha kufunga mizigo na hawajui safari ni lini.

Mwaka ule sufu iliisha kabla ya kipupwe. Vifurushi havikuja tena, na wajawazito walikuwa wengi, kwa kuwa waume walikuwa wamerudi. Chama kikaamua kwamba kila mwanamke alete alichonacho, asali, samli, karanga, kuku, na Mama apande lori kwenda Singida kubadilishana na wenye maduka. Bi Salma alisema mumewe huenda kule kufuata vitambaa, basi apewe yeye mzigo. Mama alikataa kwa ukali uliomshangaza kila mtu. Mimi nilishangaa kidogo tu, maana siku chache kabla ya hapo nilikuwa naye madukani, akasimamishwa na mchuuzi wa ng'ombe kutoka Mungaa. Waliongea pembeni, sikusikia. Mama aliporudi aliiacha chumvi aliyokuwa amekwisha kuinunua juu ya meza ya duka, na nilipomkumbusha alinitazama kana kwamba nimemwita kwa jina la mtu mwingine.

Aliondoka na lori la asubuhi, ameketi juu ya magunia, kuku wamefungwa miguu mapajani mwake, akaahidi kurudi kabla ya Alhamisi. Alhamisi ikafika, yeye hakufika. Bi Salma alifungua kikao kwa dua fupi, akaomba mmoja wa Wakristo naye aombe, halafu tukaketi tunatazamana, kwa kuwa hapakuwa na uzi wa kufuma. Baada ya muda Bi Salma alivua shali yake, ile nyeupe aliyopewa na nesi siku ya kuagana, akatafuta ncha kwa meno na kuanza kuifumua. Alizungusha uzi kwenye kiganja, akakata, akamgawia kila mmoja donge dogo. Wanawake walifuma jioni ile wameinamisha vichwa, na nadhani wengi waliona haya kwa yale waliyokuwa wamekwisha kuyasema kisimani.

Na yaliyosemwa kisimani niliyasikia. Kwamba Yemima amepata njia ya kutokea. Kwamba asali yetu inaliwa mjini na mwanamume. Kwamba mwanamke asiyejua kuketi siku moja ataondoka tu. Hilo la mwisho ndilo lililoniuma, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nikiliwaza tangu zamani. Siku zile sikuweza kukaa mahali. Nilikwenda barabarani, nikarudi, nikachota maji yasiyohitajika, nikafuma kipande kimoja cha mkono wa sweta na kukifumua na kukifuma tena mpaka uzi ukachoka na kutoa manyoya. Bibi aliacha kuniuliza kama kuna mtu anakuja. Nadhani hakujua tena amwulizie nani.

Alhamisi iliyofuata Mama alikuwa bado hajarudi, na shali ya Bi Salma ilikuwa imekwisha. Wiki hiyo Mama Eliya, mwanamke kijana aliyekuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, alitoka zahanati na mtoto amefungwa kwenye kipande cha kanga, na baada ya siku chache mtoto akaanza kukoroma kifuani. Bi Salma alikuja nyumbani kwetu, akamwamkia Bibi, akaketi karibu yangu. Aliniuliza Mama aliniambia anakwenda wapi. Nikasema Singida. Akauliza, Singida tu? Nikasema Singida tu. Alizichukua spoki zangu mikononi, akaviokota vitanzi vilivyoponyoka, kimoja kimoja, akanirudishia bila kuifumua kazi yangu. Kwa Bi Salma hiyo ilikuwa huruma kubwa.

Mama alirudi kesho yake mchana, kwa miguu, kutoka njia panda alikoshushwa. Nilimwona kwa mbali, na bunda kubwa kichwani, miguu myeupe kwa vumbi mpaka magotini. Bibi alikuwa nje anapepeta uwele. Mama alitua mzigo, akapiga magoti, akamwamkia, na Bibi akaitikia bila kuuachia ungo. Akauliza alikuwa wapi siku zote hizo.

"Nimemwona mwanao, Mama," Mama alisema. "Yuko Kintinku, anafanya kazi ya reli. Ni mzima. Ana mke na watoto wawili."

Bibi aliendelea kupepeta. Uwele ulipanda na kushuka, makapi yakaenda na upepo. Kisha akauliza, "Amekonda?"

"Hajakonda."

Hayo ndiyo yote waliyosemezana mbele yangu. Baadaye nilikuja kujua kwamba mchuuzi yule wa Mungaa alikuwa amemwambia Mama kuhusu mtu wa Iramba aliyemkuta Kintinku, na kwamba Mama, alipomaliza shughuli ya sufu Singida, aliliacha bunda dukani kwa mwenye duka, akapanda lori la Manyoni, na kutoka Manyoni akapanda treni. Hakugombana na mtu kule. Alisimama ng'ambo ya reli mpaka Baba alipotoka kazini, akamfuata kwa nyuma hadi nyumbani kwake, akaona mlango, akamwona mwanamke aliyeufungua, akaona watoto. Baba alipogeuka walitazamana. Mama alimsalimu, akamwambia kwamba mama yake bado yu hai, akageuka kurudi stesheni. Mimi mchana ule sikujua hayo. Nilijua tu kwamba Baba yupo na haji, na kwamba Mama amerudi, na sikuweza kupanga ni lipi la kulilia kwanza.

Alhamisi baraza lilijaa kuliko kawaida. Mama alifungua bunda mbele ya wote. Sufu mpya haikupatikana Singida, hata kwa asali. Alichopata ni masweta makuukuu ya jeshi, yaliyotoboka viwiko, rangi ya matope na majani makavu. Kisha akaeleza alikoliacha bunda na alikokwenda, hakuficha, hata jina la Kintinku alilitaja. Mama Eliya ndiye aliyesema kwanza, mtoto wake amemlaza begani, kifua kikisikika mpaka nilipokuwa nimeketi.

"Bunda lililala dukani Singida, na mwanangu anakoroma," alisema.

Mama alisema ni kweli. Wengine walisema aondoke chamani, mmoja akasema arudishe samli yake, mwingine akamwambia huyo anyamaze. Mama alizichukua sindano zake, zile za dukani, akaziweka kwenye mkeka mbele ya Bi Salma. Bi Salma alizitazama zile sindano, kisha akazisogeza kurudi upande wa Mama.

"Uongozi weka chini," alisema. "Sindano usiweke."

Baada ya hapo kazi ilianza, kwa kuwa upepo haukuwa ukingoja hukumu yetu. Masweta yalifumuliwa, uzi ukaoshwa kwa maji ya moto, ukatundikwa kwenye kamba na kufungiwa mawe ili unyooke. Baraza lote lilinuka kondoo, tumbaku, moshi na jasho la wanaume tusiowajua. Nilipewa sweta moja kulifumua peke yangu, na kabla sijaanza niliingiza uso ndani yake, nikavuta pumzi, nikitafuta Baba. Sikuwa na kumbukumbu ya harufu yake, kwa hiyo sijui ningeitambuaje. Nilifanya hivyo kwa kila sweta lililofuata, kwa siri, mpaka bunda likaisha. Mama aliketi karibu na mlango, mahali pa wanachama wa kawaida. Aliketi kweli, kwa mara ya kwanza. Mguu wake mmoja ndio uliokuwa ukitikisika chini ya kanga. Kisweta cha kwanza alikifuma yeye, akakipeleka mwenyewe kwa Mama Eliya. Huyo alikipokea mlangoni bila kumkaribisha ndani, ila kesho yake mtoto alionekana amekivaa. Mtoto alipona. Leo ni mzee wa kanisa, ana ng'ombe wengi, na watoto wote waliozaliwa mwaka ule walikua wakiitwa askari kwa sababu ya rangi ya visweta vyao.

Sufu ilipoisha tena, watu walitarajia Bi Salma, ambaye sasa ndiye kiongozi, amtume mumewe. Alimtuma Mama. Alimwambia mbele ya wote kwamba mwenye miguu ya safari ni yeye, ila safari hiyo aseme anakokwenda mpaka mwisho wa njia. Mama alisema. Akaenda, akarudi kabla ya Alhamisi, na tangu hapo akawa msafiri wa chama kwa miaka mingi, hata baada ya nesi kurudi. Yeye na Bi Salma hawakuwahi kuwa mashoga. Lakini Bi Salma alipougua macho, Mama ndiye aliyekuwa akimhesabia vitanzi kwa sauti. Baba alikuja mara moja tu, kumzika Bibi. Mama alimpakulia chakula pamoja na waombolezaji wengine, akamnawisha mikono kama walivyonawishwa wote.

Siku hizi kule kwetu hakuna anayefuma kwa ajili ya mtoto wa jirani. Masweta ya mitumba yamerundikwa mnadani, mama mjamzito anachagua analolitaka na bado anabakiwa na pesa ya machungwa. Sisemi ni vibaya. Watoto wanaokufa kwa kifua wamepungua, na hilo ndilo tulilokuwa tukilitafuta. Habari nazo hazilali tena njiani. Mjukuu wangu akisafiri kwenda Manyoni ananipigia simu akiwa Singida, ananipigia akiwa Ikungi, ananipigia akishuka, na mwaka jana mumewe alipokawia mgodini alimpigia pia, akasikia sauti yake, akaambiwa mambo ni mazuri. Usiku alilala. Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mlangoni asubuhi yake. Nikamwambia, sauti umeisikia, sasa panda basi ukaone. Akacheka, akasema, Bibi, siku hizi hakuna haja. Nikaingia ndani kutafuta nauli yake.