Waya Ukisokotwa Hufupika

Sisi tuliokulia Milanzi enzi ambazo gari la mtoto linatengenezwa, si kununuliwa, tunajuana kwa vidole. Vina makovu ya nyaya za tairi. Tairi bovu tulilichoma nyuma ya zizi, tukanuka moshi mpaka mama akatukataza kuingia jikoni, lakini waya wake ulikuwa mgumu kwelikweli.

Kazi ilikuwa usukani, ile fimbo ndefu ya kusukumia gari huku unakimbia. Waya mmoja hupinda, kwa hiyo tuliukunja mara mbili, pindo tukalitundika kwenye nguzo ya zizi, ncha zote mbili tukazifunga kwenye kisokoteo: gunzi la muhindi lililopigwa msumari uliopindwa kama ndoano. Unavuta, unazungusha. Ukikata mrefu mno, unalegea na kujikunja ovyo. Ukikata mfupi, imekula kwako. Baba alikuwa akipita na jembe lake anasema, "Pima uzidishe. Kukata hajashindwa mtu."

Kaka yangu Deusi hakusikia. Jumapili baada ya misa, watoto wa kijiji jirani cha Malangali wangekuja kushindana nasi mteremkoni, naye alishatangaza kwamba msichana hakimbizi gari, mimi nikae nimbebe mdogo wetu. Nilikasirika mpaka machozi yakagoma kutoka. Nikapima waya kutoka chini hadi kifuani, nikazidisha shibiri, ndipo nikaukunja kwa urefu huo na kusokota. Yeye alipima hadi kifuani, akakunja, akakata hapohapo.

Waya ukisokotwa hufupika. Jumapili ilipofika Deusi alikimbia ameinama kama anapalilia ulezi, watoto wa Malangali wakamuuliza ameangusha nini. Mimi nilishuka wima, mdogo wetu mgongoni anacheka, nikafika chini kabla yao wote. Jioni Deusi akaja na waya mpya, anaangalia pembeni.

"Skola, nipimie."

Nikampimia. Sikumsema. Raha niliyokuwa nayo ilinitosha.

Sasa juzijuzi mwanangu Neema kaletewa gari la plastiki, halikumaliza wiki, magurudumu yameng'oka, na baba yake anasema atanunua lingine. Nilifoka. Mtoto ana mikono miwili, anafundishwa kusubiri dukani? Nikaenda kutafuta waya, nikatafuta gunzi. Neema akauliza kama hayo mambo hayapo kwenye simu. Nikamwambia yapo, ila simu haina gunzi. Akapima hadi kifuani, akashika koleo akate. Nikamshika mkono.

"Ongeza."

Usukani wake umetoka mrefu kidogo. Sawa tu, anakua. Anakimbia wima kama mama yake, na ningependa Deusi amwone. Ila ule mteremko wetu siku hizi ni lami, na bodaboda za pale hazina breki wala adabu. Kwa hiyo Neema anasukuma humuhumu uani. Ndiyo kwanza gari linachanganya mwendo, anakutana na ukuta, anageuza.