Gurudumu la Mbele

Jumatano, Machi 1954. Alfajiri ukungu, halafu mvua nyembamba isiyokata. Njia ya Pito imekuwa utelezi mtupu.

Leo mwanangu amefungua gurudumu la mbele la baisikeli yangu, akaondoka nalo begani. Nina hasira. Mimi niliyemshikia tandiko akijifunza kuendesha!

Niandike ilivyokuwa, nisijipendelee. Asubuhi nilikuwa natoka mjini. Kwenye mteremko wa kijito nikabana breki, zikalia tu bila kushika. Mipira yake imekwisha, najua. Fundi aliniambia tangu mavuno. Nikamjibu kwamba mzee haendi mbio.

Chini akatokea mkamwana wangu, mke wa huyu huyu mwanangu, na kapu la ulezi kichwani. Aliponiona akafanya alivyofundishwa: akatua kapu, akapiga magoti katikati ya njia, akainamisha macho na kupiga makofi taratibu.

"Shikamoo, baba."

Kwa kuwa ameinama, hakuona kwamba siwezi kusimama. Nami, kwa adabu iliyonikaa mwilini miaka yote, nikaachia usukani mkono mmoja nimwitikie. Hapo ndipo nilipokosa. Nilimkwepa kwa shida, nikagonga kapu, nikaangukia kwenye matuta ya maharage. Yeye hakuguswa. Goti langu limechunika, na ulezi wote ukamwagika matopeni.

Mchana mwanangu akaja na spana.

"Baba, ungemuua mke wangu."

"Angepisha njia!"

"Apishe kama mbuzi? Si ungesema nimeoa mtu asiye na adabu?"

Mke wangu akacheka huko jikoni. "Angesema mwezi mzima."

Anacheka! Kwa nyonga hii yangu mbovu, bila baisikeli, kwenda mjini na kurudi ni siku nzima. Nitakuwa mtu wa kuletewa chumvi, kuletewa habari, kukaa kibarazani nikingoja nani anapita. Hapa niliandika kwamba mwanangu anaitaka baisikeli yangu, nimefuta. Anayo yake, tena nzuri kuliko yangu. Alisema gurudumu litarudi siku breki zitakaposhika, na nikubali kushuka na kukokota mteremko wote. Anampa baba yake masharti! Kinachoniudhi zaidi ni kwamba nimeyageuza masharti yenyewe huku na huku, sikuona kosa. Labda sijui kufikiri. Madarasa mawili si shule.

Nikakubali. Lakini nami nikatoa langu. Nilimwita mkamwana, nikamwambia akiniona juu ya baisikeli asipige magoti njiani. Asimame pembeni kabisa, salamu zije nikishashuka.

"Watu wataniona vipi, baba?"

"Wakuone mzima!" Nilifoka kupita kiasi. Aliondoka amejiinamia, na kosa halikuwa lake. Kesho nitamwambia hivyo, kama sitaona aibu.

Ulezi wake tumemlipa kutoka ghala letu, ule safi. Uliookotwa matopeni mke wangu aliuosha mara tatu, akaukausha motoni, akausaga. Jioni tumekula ugali wake na maharage, na mwanangu alikuwepo. Mchanga ulilia menoni mwetu sote. Nilimtazama akitafuna, naye akinitazama, mpaka bakuli likaisha.