Mboga Bila Bugali

Nilipoacha bugali, aliyeumia kwanza hakuwa mimi. Alikuwa mama mkwe wangu. Alikuwa amekimbia vita kijijini kwake Bule na kitenge kimoja kilichofunga vitu vyake vyote, akafika kwetu Mudzipela, na alipomaliza kulia aliomba jambo moja tu: tumwachie jiko. Nikamwachia siku hiyo hiyo. Mimi si mtu wa kusimama mbele ya sufuria nikingoja ichemke. Naenda, narudi, nasahau, naunguza. Yeye alipoanza kutusongea bugali yake ya muhogo na mahindi, mume wangu akaanza kurudi nyumbani mapema, jambo ambalo upishi wangu haukuwahi kuliweza.

Baadaye nikaanza kuchoka ovyo na kunywa maji bila kukata kiu. Nikapimwa, nikaambiwa nina ugonjwa wa sukari. Muuguzi wa kituo cha afya, mwanamke tuliyesoma pamoja, alinipa vidonge na kunionya kuhusu chakula. Punguza sana bugali, wali, mihogo, ndizi na mkate, alisema, kwa sababu vyote hivyo vikishaingia mwilini vinageuka sukari. Sikubishana naye. Baba yangu alikatwa mguu kwa ugonjwa huo huo, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi kanisani, tukikwama kwenye kila shimo. Nilitoka kituoni nimeapa kwamba mimi na bugali basi.

Tatizo langu ni kwamba nikiamua kitu nakifanya kwa hasira. Niliacha bugali, na kwa kuwa nilikuwa nimeshapamba moto, nikaacha na mafuta ya mawese, maana nilidhani kila kinachonenepesha ni adui. Nikawa nakula mayai ya kuchemsha na lengalenga, yaani mchicha, iliyopikwa kwa maji na chumvi. Mungu wangu! Darasani nilifundisha nikiwa nimeegemea ubao, mbele ya wanafunzi. Niligombana na dereva wa moto, yaani pikipiki ya abiria, kwa sababu alipiga honi, nikagombana na mwalimu mwenzangu kwa sababu alikohoa. Nyumbani nilifagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiliwa. Nikikaa, miguu ilitaka kusimama. Nikisimama, kichwa kilitaka kulala.

Nilirudi kwa muuguzi kulalamika, naye akacheka mpaka akashika meza.

“Weye umetoa kuni yote mu jiko, sasa unashangaa maji haichemke,” akaniambia. “Bugali ilikuwa kuni yako. Ukiipunguza, uweke kuni ingine, na ile kuni ni mafuta. Weka mawese, kula avoka, kula karanga. Samaki, nyama, mayai, ile ni ya kujenga mwili, haiko ya kuwasha moto. Usijaze nyama tu. Majani kula mingi. Na ule unga kidogo mwili inataka, utoke mu maharagi.”

Hesabu hiyo ilikuwa nzuri sana mezani kwa muuguzi. Nyumbani kwetu ilikuwa utovu wa adabu.

Kwetu chakula ni bugali. Mboga ni kitu cha kuisindikiza ishuke. Sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, na samaki hupikwa kwa ajili ya watu wote, na mtoto anayechovya sana hupigwa kofi dogo la mkono: kula bugali, acha kumaliza mboga. Maneno hayo nimewaambia watoto wangu mwenyewe mara nyingi kuliko nilivyowaambia wasali. Sasa mimi, mama mzima, nianze kula mboga tupu, niijaze sahani, nichague na kipande cha samaki, kisha niombe na mafuta juu? Na mama mkwe wangu pembeni, anayegusa mchuzi kwa ncha ya tonge ili ubaki wa wengine? Sikuweza. Nilichota kidogo, nikala haraka, na nilipoambiwa niongeze nilijibu, “Nimeshiba, mama, asante.” Kisha nikainuka kwenye mkeka kabla tumbo halijanisaliti kwa kunguruma.

Nilijaribu kumweleza mama mkwe habari ya ugonjwa. Alinisikiliza akichambua majani ya muhogo.

“Sukari? Chai yako haiko na sukari tena, mi naona. Sasa mu bugali, sukari iko wapi? Onja basi.”

Nilianza kueleza, nikaishia njiani. Mtu mwenye njaa hana subira ya kufundisha, hata kama kufundisha ndiyo kazi yake. Nikaenda kupanga upya viatu vya watoto mlangoni.

Hivyo ndivyo tulivyoishi: yeye anasonga, mimi nasema nimeshiba. Alibadilisha unga. Alipunguza muhogo, akaongeza mahindi. Akapika sombe kwa karanga, akijua naipenda. Mimi nilikuwa nikikonda, nao majirani walikuwa wameanza kuliona hilo na kuniuliza uwanjani, naye akisikia.

Jioni moja aliweka sahani kwenye mkeka, na kabla hatujanawa mikono akakata tonge upande wa bugali uliokuwa mbele yangu. Akalichovya, akalitia kinywani, akatafuna polepole akinitazama usoni. Akameza. Kisha akanifungulia kiganja kitupu.

“Minaonja. Umeona? Sijakufa.”

Mume wangu alibaki ameshika jagi la maji hewani. Kwetu, mtu akikushuku kwamba umemtilia sumu, unaonja mbele yake. Sikuhitaji kuelezwa. Siku zote hizo nilidhani nilikuwa naugua kwa adabu, kumbe kila “nimeshiba” yangu ilikuwa inamwambia mama yule kwamba naogopa mkono wake. Uso wangu uliwaka kwa aibu, na nyuma ya aibu kulikuwa na hasira, kwa sababu sikuwa nimemkosea kitu.

“Hapana, mama! Haiko hivyo!”

“Basi kula.”

Niliitazama ile bugali. Niliona suruali ya baba yangu, mguu mmoja umekunjwa na kushonwa. Mkono wangu haukusogea. Yeye aliuona haujasogea.

“Acha. Nimejua,” akasema, akawasogezea watoto sahani.

Chumbani mume wangu alininong'oneza kwamba ningekula hata kidogo tu, mama yake atulie. Nikamwambia sukari haimwogopi mama yake. Lilikuwa jibu kali, nalo lilinifurahisha kwa muda wa kulitamka tu.

Asubuhi mama mkwe alitangaza kwamba anarudi Bule. Mwanawe alimsihi. Jirani yake wa huko, aliyekuwa amerudi kuangalia shamba, alikuwa ameshakimbia tena, na habari za njiani zilikuwa mbaya. Yeye alitikisa kichwa.

“Hata muloji, muchawi, banamuambia na kinywa,” akasema, bila kupandisha sauti. “Weye bibi ya mutoto yangu, unaniambia na sahani. Ni heri nikufe mu kwetu.”

Tangu hapo sikutulia. Mwanamke huyu akipatwa na baya njiani, litakuwa limeanzia kwenye sahani yangu. Wazo hilo lilinifuata sokoni, shuleni, bafuni. Nilifikiria kula bugali mbele yake, nijaze tumbo, afungue moyo. Ningekula leo, na kesho je, na kesho kutwa? Angenisongea kila siku ya maisha yangu, na kila siku ingekuwa hatua kuelekea mguu uliokatwa.

Siku ya kuondoka ilifika. Mume wangu alikwenda kutafuta moto ya kumpeleka mahali magari yanapopakia, akiburuta miguu makusudi. Mama mkwe alikuwa sebuleni, amepiga magoti, anafunga kitenge chake. Mimi nilikuwa natoka dirishani kwenda mlangoni, na mlangoni kwenda dirishani. Sikuwa nimetia kitu kinywani tangu jana.

“Ikala basi chini,” akasema. “Unanizungusha kichwa.”

“Siwezi kuikala, mama. Niko na njaa.”

Lilinitoka tu. Sikuwa nimelipanga.

“Njaa?”

“Njaa, mama! Tangu niache bugali. Minalala na njaa, minaamuka na njaa. Mu kazi, njaa. Mu kanisa, njaa.”

“Lakini kila siku unasema umeshiba.”

“Minasema vile juu mboga iko ya batu bote. Muganga wa kituo cha afya anasema bugali itanikata miguu, nikule mboga mingi, na samaki, na mafuta juu. Sasa nitakula namna gani mboga ya batoto? Nitakula namna gani ya kwako? Ninasikia haya.” Na hapo nikalia, kwa kelele, kama mtoto aliyenyang'anywa kitu.

Mikono yake ilisimama kwenye fundo. Yeye na majirani zake walipokimbia Bule walitembea wakila majani yasiyo na chumvi. Alikuwa ametuambia hilo mara moja, na hakutaka kulirudia. Alinitazama kuanzia shingoni hadi kwenye kiuno cha sketi yangu, niliyokuwa nimeibana kwa pini.

“Mutu mukubwa, mu nyumba yake, njaa,” akasema, kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari ya msiba. “Na mi niko mu jiko.”

Nilijipangusa pua.

“Mafuta, alisema mingi?”

“Mingi.”

Alianza kulifungua fundo. Alikuwa amelikaza sana kwa ajili ya safari, ikabidi atumie meno. Kati ya nguo zake kulikuwa na chupa ya mawese ambayo mwanawe alimnunulia aende nayo, nyekundu hadi shingoni. Akaichukua, akainuka kwa kushika goti, akaingia jikoni bila kukifunga tena kile kitenge. Nilisikia sufuria ikitua mafigani, kisha harufu ya mawese yanayoungua ikajaa nyumba, na mate yakanijaa kinywani.

Nje moto ikapiga honi. Mume wangu akachungulia mlangoni, akauliza kama mama yuko tayari.

“Uambie ule mutu aende,” mama mkwe alijibu kutoka jikoni. “Bibi yako hajakula.”