Barua ya Kicheyenne kutoka Thornton Heath

Nilipopangiwa kumhudumia mzee mmoja wa Thornton Heath, kusini mwa London, kazi yangu kwenye karatasi ilikuwa kumwamsha, kumwogesha, kumpa dawa na chai, kisha kuandika kwenye daftari la huduma kwamba hayo yote yamefanyika. Dakika arobaini na tano asubuhi, nusu saa jioni. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba nitamsaidia kujifunza Kicheyenne.

Alikuwa dereva wa treni mstaafu, amefiwa na mkewe, miaka themanini na moja, miguu mibovu na akili timamu. Siku ya kwanza nilimkuta ameketi kitandani, amevaa hedifoni, ananong'ona peke yake. Nilidhani anasali, nikasimama mlangoni nimsubiri amalize.

"Samahani," aliniambia. "Katika lugha hii irabu ya mwisho hainenwi kwa sauti, inanong'onwa. Nikiipazia sauti nakosea."

"Lugha gani?"

"Kicheyenne."

Nikamuuliza ni ya nchi gani. Akasema ni ya watu wa asili wa Marekani, walioko Montana na Oklahoma, na kwamba wanaoizungumza vizuri sasa ni wachache, wengi wao wazee kama yeye. Kisha akauliza kama nimeshabandika maji ya chai.

Sababu alinieleza kidogo kidogo. Ujanani yeye na wenzake wa reli walikuwa na klabu ya kuigiza watu hao wa asili. Kila Jumamosi walikutana kwenye ukumbi mmoja wa kanisa, wakavaa manyoya ya kuku kichwani, wakacheza kuzunguka balbu iliyofunikwa kwa karatasi nyekundu ili ionekane kama moto, na kupiga kelele za maneno ambayo hakuna aliyejua maana yake.

"Mlikuwa mnawadhihaki?" nilimuuliza.

"Tulikuwa tunawapenda sana," alisema. "Ila hatukuwahi kumuuliza hata mmoja wao."

Katika kabati lake la nguo kulikuwa na jozi ya viatu vya ngozi vyenye shanga. Alivinunua sokoni enzi hizo, na muuzaji alimwapia kwamba vilivaliwa na chifu wa Wacheyenne. Sasa alitaka kuvirudisha, pamoja na barua ya kuomba radhi, tena kwa lugha ya wenyewe.

"Kwa nini usiwaandikie Kiingereza? Wanakijua."

"Ndiyo maana," alisema. "Wao walishajifunza ya kwetu."

Vifaa vyake vya kusomea vilikuwa kitabu cha sarufi kilichotolewa fotokopi na kumwagikiwa chai, masomo yaliyoandaliwa na chuo cha Wacheyenne wenyewe, na kamusi ya mtandaoni yenye sauti za wazee wao. Mikono yake ilitetemeka, kwa hiyo tableti niliishika mimi. Nilibonyeza neno, na bibi mmoja aliyeko mbali huko akasema jikoni mwetu *mahpe*, maji, au *hotame*, mbwa. Mzee akarudia. Nami nikarudia, maana nilikuwa nimesimama pale pale na sina lingine la kufanya mpaka uji upoe.

Mwanangu nyumbani namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza. Mimi mwenyewe, bibi yangu kule Tabora alinisemesha Kinyamwezi nikamjibu Kiswahili. Kinyamwezi sijawahi kukitafutia kamusi.

Kilichomshinda mzee ni vitenzi.

"Neno moja linabeba sentensi nzima!" alilalamika. "Nani anaweza hivi?"

"Kila mtoto wa Tabora," nilimwambia. "*Nitakuona.* Neno moja. *Ni* ni mimi, *ta* ni baadaye, *ku* ni wewe."

Alinitazama kama mtu aliyegundua kwamba nina shahada niliyokuwa nimemficha. Kuanzia siku hiyo nikawa mwalimu. Aliposhangaa kwamba kwa Wacheyenne jiwe linahesabiwa pamoja na vitu vyenye uhai, nilimweleza habari za ngeli, naye akaziandika. Nikampa na kanuni moja kubwa: tazama mwanzo wa kitenzi, hapo ndipo alipo mtenda. Nilisema hivyo nikiwa nimeshika mswaki wake, kwa uhakika kabisa.

Barua ilituchukua wiki sita. Ilikuwa na sentensi kumi. Binti yake, aliyekuwa akija Jumapili kutoka Rayners Lane upande wa pili wa London, alinivuta ukumbini siku moja.

"Wewe ndiye unayemtia moyo?"

"Mimi namshikia tableti."

Alifungua daftari la huduma akasoma nilichoandika jana yake: *Amekunywa chai. Amekunywa dawa. Amesoma vitenzi.* Akalifunga, akanirudishia.

Tuliituma kwenye chuo chao kwa barua pepe, pamoja na picha za viatu. Jibu lilikuja kutoka kwa mwalimu mmoja wa lugha, mwanamke, nami nikamsomea mzee akiwa ameloweka miguu kwenye beseni.

Mwalimu alimshukuru. Alisema ameisoma barua mbele ya mabibi wanaomsaidia darasani, wakacheka mpaka mmoja akatoka nje. Akaeleza kwamba katika lugha yao "nakuona" ni *névóomatse* na "unaniona" ni *névóome*. Mwanzo ni ule ule. Anayemwona mwenzake anajulikana mwishoni. Sisi miisho tuliikosea kila tulipofika kwenye msamaha.

"Kwa hiyo mara nne," aliandika, "unatuambia kwamba sisi ndio tunaokuomba radhi. Bibi mmoja anauliza tulikukosea nini."

Kuhusu viatu, mabibi walizitazama picha wakasema ushonaji ule si wao, na soli ilionekana ya kiwandani. Avivae tu, walisema, wamesikia kwamba Uingereza kuna baridi.

Nilisikia uso unaniwaka.

"Kosa ni langu," nilisema. "Mimi ndiye niliyesema tutazame mwanzo."

"Kiswahili ulikifundisha vizuri," alisema.

Aliniomba nimletee vile viatu. Miguu ilikuwa imevimba, havikuingia, nikavirudisha kabatini. Jioni ile hakula. Niliandika: *Amekataa chakula.* Sababu sikuandika.

Asubuhi nilimkuta ameshaamka.

"Walicheka," alisema.

"Walicheka, ndiyo."

"Miaka yote ile tulipokuwa tunavaa manyoya, hapakuwa na mtu wa kutucheka." Akafikiri kidogo. "Lete kalamu."

Barua ya pili ilikuwa na sentensi tatu, na miisho yake tuliikagua mmoja mmoja. Mwalimu alijibu kwamba sasa wameelewa, mabibi wamekubali radhi, na kama anataka kuendelea ajiunge na darasa lao la mtandaoni la Jumamosi, asubuhi kwao, jioni kwetu. Alijiunga. Wanafunzi wenzake walikuwa na miaka saba, minane, na walikuwa wamemtangulia sana.

Wakati wa baridi alianguka jikoni, akapelekwa hospitali. Binti yake akanipigia simu akilia: baba amechanganyikiwa, anasema maneno yasiyoeleweka. Nilipotoka kazini nikaenda moja kwa moja. Kando ya kitanda alisimama daktari kijana na faili lake.

"Wewe ni nani kwake?"

"Mhudumu wake wa nyumbani. Amesema nini?"

Nesi alikuwa amemuuliza kama anataka maji, naye akajibu kitu kama kikohozi. Nikainama.

"*Héehe'e*," mzee alisema. "*Mahpe.*"

"Amesema ndiyo, anataka maji," nilimwambia daktari.

"Ni lugha gani?"

"Kicheyenne."

"Ndiyo lugha ya kwao?"

"Hapana, kwao ni hapa hapa."

"Ni yako, basi?"

"Mimi natoka Tabora."

Daktari akaliangalia faili lake, halafu akamgeukia mzee na kumuuliza kwa sauti kubwa leo ni siku gani na waziri mkuu ni nani. Mzee alijibu yote mawili kwa Kiingereza safi, na baada ya jina la waziri mkuu akaongeza maoni yake.

"Kwa nini hukumjibu nesi hivyo?" daktari aliuliza.

"Nilikuwa nafanya mazoezi," mzee alisema. "Nesi hawezi kunisahihisha, kwa hiyo nilikuwa najiamini."

Neno "amechanganyikiwa" lilifutwa kwenye faili. Binti yake alimshikia baba yake kikombe akanywa, kisha akaniuliza, bila kunitazama, kama kamusi ile inapatikana bure. Nikamwambia ndiyo. Akatoa simu, nikamwonyesha.

Majira ya kuchipua mzee alihamia kwa binti yake Rayners Lane, na mimi nikapangiwa Tooting, kwa mama mmoja asiyetaka kujifunza kitu chochote. Nampigia mzee simu mara moja moja. Siku hizi hanisalimii kwa Kiingereza, na anategemea nijibu ipasavyo. Ndiyo maana kabla ya kupiga hukaa kwanza kwenye ngazi, nikafungua kamusi, nikajiandaa.