Nyimbo za Mwalimu Murunga Zilivyonusurika

Mwalimu Murunga alikuwa ameongoza kwaya ya kanisa lao pale Kapsoya miaka ishirini na sita. Nyimbo alizitunga mwenyewe, akaziandika kwa solfa, zile noti za do-re-mi, kwenye kompyuta ya nyumbani. Siku moja kompyuta ile ikakataa kuwaka. Wanjohi, fundi wa mjini, aliifungua akatikisa kichwa.

"Mwalimu, diski imekufa. Vilivyokuwa ndani vimeenda nayo."

Nyimbo nyingi waimbaji walizikumbuka. Tisa hazikurudi kamwe, na Murunga alizililia kama mtu aliyefiwa.

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Alipopata kompyuta nyingine, jambo la kwanza aliwaza pa kuweka nakala.

"Nitaweka kwa flashi," akamwambia mkewe, Eddah.

"Flashi? Si ile ya mwisho niliifua ndani ya suruali yako?"

Akanunua diski ya nje, akaiweka kando ya kompyuta, akaridhika. Eddah akaitazama. "Baba Nekesa, mwizi akiingia hapa atabeba moja aache nyingine?"

Basi wakanunua diski ya pili, ikakaa kwa dada wa Eddah kule Turbo. Kila mwisho wa mwezi Eddah aliileta ijazwe nyimbo mpya, kisha akairudisha. Nakala ya tatu Wanjohi aliipanga iwe ikitumwa yenyewe mtandaoni kila jioni.

"Bado," fundi akasema. "Nakala ambayo hujajaribu kuirudisha, hujui kama unayo. Futa wimbo mmoja."

Murunga akafuta. Dakika mbili baadaye wimbo ulikuwa umerudi, noti kwa noti. Akacheka kwa sauti mpaka jirani akachungulia.

Aprili, tamasha la kwaya likiwa Jumamosi, radi ilipiga Jumanne saa tisa mchana. Kompyuta, diski iliyokuwa kando yake na kisanduku cha intaneti vyote vikatoa harufu ya kuungua. Wimbo wa tamasha alikuwa ameumaliza Jumatatu tu; diski ya Turbo haikuwa nao, na waimbaji hawakuwa wameuona.

Murunga alivaa koti, akaenda dukani kwa Wanjohi, akaomba kiti na kompyuta. Akaandika neno lake la siri polepole, kwa kidole kimoja. Nyimbo zikaanza kushuka: kumi, hamsini, mia moja themanini na saba. Wa mwisho ulikuwa ule wa Jumatatu.

"Zote?" Eddah akauliza kwenye simu.

"Zote, Mama Nekesa! Hata ule ambao waimbaji wa besi wataulalamikia!"

Besi walilalamika kweli, siku tatu mfululizo. Jumamosi wakauimba mpaka ukumbi ukasimama, na jaji akaomba urudiwe. Murunga aliinua mikono tena, machozi yakimtiririka mbele ya watu wote, wala hakujisumbua kuyapangusa.