Taa za Pinboli Zilizokataa Kuzimika

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio. Karakana ilikuwa Busia, nyuma ya maegesho ya malori, na Fundi Mkuu hakuwa amewahi kufanya kazi na mwanamke. Nilifagia mpaka saa nne, ndipo akaniita mezani akanipa redio iliyonyamaza.

"Usifungue bado," akasema. "Kwanza kamwulize mwenye redio analalamika nini."

Nilidhani ananizungusha tu. Kumbe ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Kutoka hapo nilihamia upande wa Alupe kutunza majenereta, chini ya Msimamizi wa Matengenezo, mtu mpole aliyependa chai kuliko mazungumzo. Miaka yangu ya mwisho nilifanya kazi Malaba, katika gesti ya madereva wa malori. Huko ndiko nilikokutana na pinboli, yaani meza yenye kioo juu ambayo mchezaji hurusha mpira mdogo wa chuma ndani yake, na taa zinazowaka chini humwonyesha apige wapi.

Bingwa wake alikuwa Nekesa, mhudumu wa gesti, kiziwi tangu utotoni. Kengele za mashine hakuzisikia, kwa hiyo alisoma taa peke yake. Madereva waliosubiri karatasi zao za mpakani walipanga foleni kushindwa naye, na siku hizo ndizo nilizomwona akicheka.

Meneja wa gesti akaleta taa za LED kutoka Kampala, akaniagiza nibadilishe balbu zote. Nilipomaliza, kadhaa hazikuwaka. Hilo halikunisumbua: LED ina upande wa kuingiza umeme na upande wa kutolea, tofauti na balbu ya waya. Nikazigeuza, zikawaka, mashine ikang'aa kama duka jipya. Meneja akapiga makofi.

Nekesa akacheza, akashindwa. Akarudia, akashindwa tena. Dereva mmoja akamcheka, naye akaacha mchezo akaingia jikoni.

"Huyu amechoka na hii kitu," Meneja akaniambia. "Kuna mtu wa Tororo anaitaka. Wacha nimuuzie tu."

Nilimfuata Nekesa. Alikuwa amesimama kwenye meza ya chapati, macho mekundu. Aliponiona, akaandika kwa kidole kwenye unga: ZOTE ZINAWAKA.

Nikarudi nikafunga mapazia, maana mwanga wa mchana ulinizuia nisizione taa vizuri. Kweli, taa zilizopaswa kuzimika zilikuwa zinawaka kwa mbali, hafifu, zikimdanganya. Nikatoa LED moja nikarudisha balbu ya zamani, na soketi ile ikawa giza kabisa. Basi mashine ilikuwa nzima. Umeme kidogo unaobaki kwenye nyaya, ambao balbu ya waya haiuhisi, ulitosha kuiamsha LED.

"Si urudishe tu za zamani?" Meneja akauliza.

"Zile zinayeyusha plastiki, boss. Nipe mpaka jioni."

Nikachukua resista, vipande vidogo vya kupunguza umeme, nikachomelea kimoja ubavuni mwa kila soketi ili ule umeme wa mabaki upitie huko. Mgongo uliniuma, lakini sikuinuka.

Jua lilikuwa bado lipo nilipomwita Nekesa. Alicheza na yule yule dereva aliyemcheka. Aliinama, akatazama, akapiga, mkono haukusita hata mara moja. Aliposhinda hakuangalia alama. Alinivuta akanionyesha taa moja iliyozimika, kisha akajigonga kifuani kwa shukrani.

Meneja alikuwa mlangoni. "Basi yule mtu wa Tororo atafute ingine," akasema, akaenda zake.

Sasa nimestaafu, nipo nyumbani Matayos. Vijana wa ufundi wakija hunikuta na hamu ya kuwaeleza mambo, ila siku hizi lazima warudie maswali, maana kelele za majenereta zimenila masikio. Mwanzoni jambo hili lilinitia huzuni sana. Nilikuwa naketi kati ya watu nikitabasamu bila kujua wanasema nini.

Nekesa alipopata habari, alikuja. Huja Jumapili baada ya kanisa, tunakaa barazani, ananifundisha ishara za mikono. Mimi ni mwanafunzi mzito. Wiki jana nilidhani nimemwuliza kama atakunywa chai, kumbe nimesema kitu kingine kabisa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akavikamata vidole vyangu, kimoja kimoja, akavipanga upya.