Benchi la Wenyeji

Wiki jana, katika ofisi moja ya serikali Kerugoya, askari wa mlangoni alikuwa akitupitisha kwa kutikisa kidevu tu. Mbele yangu alisimama mwanamume mrefu, mweusi kutushinda sote, amevaa suti na tai. Kidevu kikakwama.

"Wewe, kitambulisho yako iko wapi?"

"Niko nayo. Nilikuja Kenya nikiwa mkimbizi, siku hizi ni wakili. Mteja wangu yuko ndani, amenyang'anywa meza yake sokoni ati kwa sababu ni mgeni. Lakini mbona unauliza mimi peke yangu?"

"Hawa wengine nawajua."

Wakili akanishika bega. "Huyu anaitwa nani?"

Askari alinitazama sana. Hakujua.

"Basi uliza wote ama usiulize mtu."

"Sawa," askari akasema kwa hasira. "Kila mtu atoe kitambulisho."

Wakili alionyesha chake akaingia. Sisi tulioacha vyetu nyumbani, maana nani hutembea na kitambulisho kwao, tuliketishwa kwenye benchi juani.

"Ati mimi ni wa kuulizwa kitambulisho?" alinung'unika mama mmoja aliyepakata kabichi. Dakika chache kabla, wakili alipoulizwa hivyo, sote tulikuwa tukitazama viatu vyetu.

Hatimaye wakili alitoka na mteja wake, mwanamke aliyetabasamu kwa kuwa amerudishiwa meza. Wakili akasimama mbele yetu.

"Kuna mwenye anahitaji wakili?"

Nilitaka kucheka, lakini mama wa kabichi alikuwa ameshainua mkono. Nami nikainua wangu.